Jani la artemisia na kidonge cha ALu si kitu kimoja

Mvua zikishakata na mbu wakazidi, swali lile lile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, likiambatana na picha ya pakiti ya majani makavu na bei yake: ikiwa ALu, dawa mseto ya malaria, imetokana na mmea wa artemisia, kwa nini nihangaike na vidonge badala ya kuchemsha majani yenyewe? Mei 2020 swali hilo lilipata nguvu mpya. Madagaska ilikuwa imetangaza kinywaji chake cha artemisia kuwa kinga na tiba ya korona, na Tanzania ikatuma ndege kwenda kukichukua. Habari za korona zikapoa, majani yakabaki sokoni.

Anayeuliza si mjinga. Ana nusu ya ukweli mkononi, kwa kuwa dawa tunayoitegemea zaidi dhidi ya malaria ilianzia kweli kwenye jani. Nusu ya pili ndiyo isiyoelezwa: artemetha, dawa iliyomo kwenye kidonge cha ALu, haimo kwenye jani, wala haijawahi kuwamo. Ilitengenezwa na watu kutokana na kile walichokikuta kwenye jani, na kwa mtoto mwenye malaria kali tofauti hiyo ni ya kufa na kupona.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Jani lolote, la mpapai, la mwarobaini au la artemisia, lina mamia ya vitu vya kikemia. Kila kimoja tukiite kiambata. Mmea huvitengeneza kwa haja zake wenyewe, kufukuza wadudu, kuzuia ukungu, kuzuia magugu yasiote karibu. Vichache kati ya hivyo hutokea vikagusa na miili yetu, vikashusha homa, vikapunguza maumivu au vikatudhuru. Ukichemsha jani unakunywa kila kiambata kinachokubali kutoka na maji, na hiyo ndiyo mitishamba kama tuijuavyo. Mtaalamu akichuja kiambata kimoja tu na kukiacha safi, amefika hatua ya pili. Kwinini iko hapo. Ilitolewa kwenye magamba ya mkwinini mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, na mkwinini huo umelimwa miaka mingi huko Kivu, mashariki ya Kongo. Hatua ya tatu ni pale kiambata kilichochujwa kinapobadilishwa umbo kidogo maabara, kikaongezwa kipande au kupunguzwa, ili kifanye kazi ambayo mmea haukukiandalia. Hiyo hatua ya tatu ndiyo inayotuchanganya.

Mfano wake mwepesi ni aspirini. Ulaya walitumia magamba ya mwerebi kushusha homa kwa karne nyingi. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich akachuja kiambata chake, na baadaye ikapatikana asidi ya salisiliki, ambayo iliondoa maumivu kweli lakini ilichoma tumbo, na wagonjwa wengi hawakuivumilia. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akaifungia kipande kidogo kiitwacho asetili. Ni hicho tu kilichobadilika, na dawa ikawa ya kumezeka. Metformini wanayomeza wagonjwa wa kisukari ilipita njia ndefu zaidi. Mmea wa galega una kiambata kinachoshusha sukari lakini chenye sumu. Wanakemia wakatengeneza maabara ndugu zake walio wapole, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kutibu kisukari kwa mmoja wao.

Sasa artemisia. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, malaria iliwaangusha askari porini, na klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, ilikuwa imeanza kushindwa. Tarehe 23 Mei 1967 China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa 523 kutokana na tarehe hiyo. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtafiti wa tiba ya jadi mjini Beijing, akapewa kikundi cha kuongoza. Walikusanya maelezo ya dawa za jadi zaidi ya 2,000 na kujaribu nyingi kwa panya wenye malaria. Artemisia ilikuwa miongoni mwao, nayo ilisumbua. Leo inaua vimelea, kesho haifanyi lolote.

Tu akarudi kwenye vitabu. Katika maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4, akakuta maelekezo mafupi: chukua konzi ya mmea huu, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe maji yake yote. Hakuna palipoandikwa chemsha. Akahisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akaacha maji ya moto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi. Oktoba 1971 mchujo namba 191 ukamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata Tu na wenzake wawili waliumeza wao kwanza kuona kama una madhara, ndipo wakawapa wagonjwa. Kabla mwaka 1972 haujaisha walikuwa na fuwele nyeupe za kiambata chenyewe, hii tunayoiita artemisinini. Mwaka 2015 Tu akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na William Campbell na Satoshi Omura. Wanaodharau elimu ya waganga wakumbuke konzi ile ya Ge Hong. Bila hiyo, maabara ingeendelea kupapasa gizani.

Wengi huikatisha habari hapo, kwenye Nobel, na ndipo upotoshaji unapopata mlango. Artemisinini haiyeyuki kwenye maji, na kwenye mafuta huyeyuka kwa shida. Kitu kisichoyeyuka hakifai kwa sindano ya mshipa, na kikimezwa sehemu kubwa hupita bila kuingia kwenye damu. Hata ile inayoingia hutoka baada ya saa chache. Wagonjwa waliopewa artemisinini peke yake walipata nafuu haraka ajabu, kisha wengi wao wakarudiwa na homa wiki kadhaa baadaye.

Lifikirie jembe lisilo na mpini. Makali yote linayo, ila utalima nalo vipi? Makali ya artemisinini ni atomi mbili za oksijeni zilizoshikana na kufanya daraja ndani ya molekuli. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula hemoglobini, na katika kula huko huachia chuma kilichokuwa kimefungwa humo. Chuma kikikutana na daraja lile hulivunja, na vipande vyake huzishika na kuziharibu protini za kimelea mpaka kife. Mahali pengine mwilini chuma hakiko wazi kwa kiasi hicho, ndiyo maana dawa humuumiza mdudu kuliko mwenye mwili. Umuhimu wa daraja unathibitika ukiliondoa: molekuli iliyopokonywa oksijeni moja kati ya zile mbili haiui kimelea.

Kwa hiyo daraja haliguswi. Kinachochongwa ni mpini, upande mwingine wa molekuli. Mwaka 1973 kikundi cha Tu kiliongeza hidrojeni upande huo kikapata dihidroartemisinini, yenye nguvu kuliko mama yake. Wanakemia wengine wa China wakaichukua hiyo kama msingi. Wa Shanghai wakaifungia kipande kidogo kilichoifanya iyeyuke kwenye mafuta, ikawa artemetha. Wa Guilin wakaifungia kipande chenye asidi ambacho kingeweza kuifanya iyeyuke kwenye maji, ikawa artesuneti. Jembe moja, mipini miwili kwa kazi mbili.

Zikishafika mwilini, mpini huondolewa. Ini huibadilisha artemetha, artesuneti hubadilika ndani ya dakika chache tu, na zote mbili hurudi kuwa dihidroartemisinini inayopambana na kimelea. Sasa tazama kinachofichika kwenye matangazo ya majani: mwili ukipewa artemisinini ya kawaida, ile ya jani, hauigeuzi kuwa dihidroartemisinini. Kwa hiyo chai ya artemisia si ALu iliyopungua nguvu. Ni kitu kingine kabisa, na hata kipimo chake hakuna anayekijua.

Mpini huo unaweza kuuona kwa macho kwenye wodi ya watoto, anapoletwa mgonjwa wa malaria kali aliyepoteza fahamu au aliyeshikwa na degedege. Muuguzi hutoa kichupa chenye unga mweupe kidogo sana, miligramu 60. Unga huo ukiutia kwenye maji matupu hauyeyuki vizuri. Pamoja nacho kuna kichupa kingine chembamba chenye mililita moja ya maji ya baikaboneti ya sodiamu. Muuguzi anayavuta kwa bomba la sindano, anayaingiza kwenye unga, anatikisa. Mwanzoni huwa kama maziwa, halafu hutulia na kung'aa kabisa. Katika dakika hiyo kile kipande cha asidi kimekutana na sodiamu kikawa chumvi, na chumvi hiyo inayeyuka. Anaongeza mililita tano za maji ya chumvi au ya glukosi, kisha anamchoma mtoto kwenye mshipa, miligramu 3 kwa kila kilo ikiwa uzito wake haufiki kilo 20. Dawa ikishachanganywa haihifadhiwi. Isipotumika ndani ya saa moja humwagwa. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kwinini kwa dripu ya saa nyingi, huku sukari ya mtoto ikichungwa isishuke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulizilinganisha dawa hizo mbili kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Ukiitazama kama hesabu ya shuleni tofauti ni ndogo. Ni watoto 24 katika kila 1,000 ambao wazazi wao walirudi nao nyumbani.

Kwa malaria isiyo kali kazi ni ya artemetha, nayo haitembei peke yake. Kila kidonge cha ALu kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Artemetha hupunguza vimelea kwa kasi kubwa, lakini baada ya saa mbili tatu nusu yake imeshatoka kwenye damu. Lumefantrini, dawa ya maabara iliyo ukoo mmoja na kwinini, hukaa siku kadhaa ikimalizia waliobaki. Ndiyo maana ikaitwa mseto. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, ikaingia kwenye SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo SP ikachoka upesi. ALu ikachukua nafasi yake mwaka 2006.

Turudi kwenye pakiti ya majani tukiwa na haya kichwani. Kiasi cha artemisinini kwenye majani makavu hutofautiana mno. Mimea mingine haifikishi hata asilimia 0.1 ya uzito wa jani, na mbegu zilizochaguliwa kwa ajili ya kilimo cha dawa huvuka asilimia 1. Inategemea mbegu, udongo, siku ya kuvuna, namna ya kukausha na muda jani lilivyokaa ghalani. Pakiti mbili zenye picha moja juu zinaweza kupishana mara kumi. Halafu unalichemsha jani hilo kwenye maji, kimiminika ambacho artemisinini haipendi kuyeyuka ndani yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kutounga mkono majani, chai wala unga wa artemisia kwa kukinga au kutibu malaria, na hoja hizi zilikuwa miongoni mwa sababu zake.

Mtu atasema, "Mimi nilikunywa nikapona." Inawezekana. Mtu mzima aliyeugua malaria tangu utotoni ana kinga fulani mwilini, na artemisinini hata kidogo hushusha idadi ya vimelea. Homa inatulia, anarudi shambani. Vimelea waliobaki kwenye damu wameonja dawa bila kufa, na hakuna lumefantrini ya kuwamalizia. Hapo ndipo usugu unapopata nafasi. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini viligunduliwa kwanza Kambodia. Sasa mabadiliko ya vinasaba yanayohusiana na tabia hiyo yamethibitishwa Rwanda, Uganda na hapa kwetu Kagera. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyoyaleta. Nasema kwamba kuwazoeza vimelea dozi ndogo za dawa hii, katika wakati huu, ni hatari tusiyoimudu. Baada ya klorokwini tulikuwa na pa kwenda. Baada ya ALu njia ni nyembamba.

Lipo pia kosa la mmea. Wengine huchuma pakanga, ile inayoota milimani kwetu, Artemisia afra kwa jina la kitaalamu, wakiamini ndiyo ile ile. Ni ndugu wa artemisia ya China, Artemisia annua, na bibi zetu wameitumia kwa mafua na tumbo miaka na miaka. Artemisinini karibu haimo kabisa.

Na dai kwamba cha asili hakina kemikali wala madhara? Kila kilichomo kwenye jani ni kemikali, kama ilivyo kemikali kila kilichomo kwenye kidonge. Kwinini safi ya mti hufanya masikio yavume. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huua, na hakuna maabara iliyougusa. Mara nyingi viambata hurekebishwa kwa shabaha hiyo hiyo ya kupunguza madhara, kama tulivyoona kwa aspirini.

Dai la biashara lina uzito zaidi na halifai kupuuzwa. Mmea wenyewe ni vigumu kuukatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasiutengeneze, kiambata kilichorekebishwa kinakatika, na kampuni hulijua hilo vizuri sana. Kuna dawa nzuri ambazo maskini amezikosa kwa sababu hiyo. Lakini kwa artemisinini hadithi ilikwenda vingine. Wachina waliivumbua kabla nchi yao haijawa na sheria ya hataza, na mwaka 2001 kampuni ya Novartis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza ALu kwa sekta za umma za nchi zenye malaria bila faida. Sehemu ya malighafi imelimwa hapa hapa, kwenye nyanda za juu za Tanzania, Kenya na Uganda, na kiwanda cha kuchuja kikajengwa Athi River. Wakulima ndio walioumia, kwa kuwa bei ya majani ilipanda mno dawa mseto zilipokubalika, ikaporomoka watu wengi walipokimbilia kulima. Kuhusu hilo ningependa kusikia kelele zaidi kuliko kuhusu chai.

Maswali yangu makubwa yako kwenye miti yetu. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili tangu mwaka 1974, na mganga anayefika pale na mzizi wake anaanzisha safari ndefu. Mmea lazima utambuliwe kwa jina lisilobishaniwa, uchujwe, ujaribiwe kwenye vyombo, kisha kwa wanyama, na mwisho kwa watu. Mara nyingi safari hiyo huchukua zaidi ya miaka kumi, na viambata vingi huishia njiani. Kinachofika hakitakuwa tena mzizi aliokuja nao mganga, ila haki yake haipaswi kuishia njiani. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010, inataka faida igawanywe na jamii zilizotunza elimu hiyo, na ni wajibu wa serikali zetu kuhakikisha mkataba unaandikwa kabla gunia la kwanza la magamba halijapanda ndege. Heshima kwa mganga ni kuipima dawa yake kwa uzito ule ule Tu Youyou alioupimia maneno ya Ge Hong.

Kwa aliye na homa leo, kipimo kwanza, kwa sababu homa nyingi si malaria. Kikionyesha malaria, dozi ya pili ya ALu humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, hata kama homa imeshaondoka. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, 24 kwa jumla. Vimezwe na chakula chenye mafuta, maziwa au uji wa karanga, maana lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Mtoto aliyeshikwa na degedege, asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu asipewe chochote cha kunywa, apelekwe hospitali. Ikiwa hospitali ni mbali na hajafikisha miaka sita, kituo cha karibu kinaweza kumwekea kidonge cha artesuneti cha njia ya haja kubwa, mara moja tu, kumvusha safari. Akifika bado anahitaji sindano, na baada ya sindano siku tatu kamili za dawa mseto.